Siku Ile Dokta Alikuwa Benki

"Baba, nimekuja kukuomba jambo, na naomba usinielewe vibaya."

Mzee hakuinua kichwa. Alikuwa amebana kiatu cha shule katikati ya magoti, sindano imezama nusu kwenye soli, ncha ya uzi kaishika kwa meno. Kibanda chake cha bati kiliegemea ukuta wa duka la mbao, na ndani hapakuwa na pa kukaa mtu wa pili, maana viatu vya watu vilikuwa vimejaa hadi kwenye kigoda cha wageni. Kidonge alisimama mlangoni akimzibia baba yake mwanga wa kushonea.

"Sema, mama."

"Ni kuhusu Jumamosi."

"Jumamosi niko tayari. Shangazi yako kanitafutia shati jeupe, kaliweka kwake. Anasema likilala kwangu litaamka na nta." Alicheka kidogo kwa pua. "Ananijua huyo."

Kidonge naye alicheka, halafu kicheko kikamkwama. Maneno aliyoyapanga njia nzima, mazuri kabisa na ya heshima, yalitoka yamevurugika. Alisema wageni wa upande wa mume ni wengi. Akasema wamo wakubwa wa maofisini. Akasema mama mkwe ana wasiwasi kwamba wapo watakaoikumbuka ile kesi, na watu wakishaanza kunong'onezana ukumbini shughuli itaharibika. Akasema kesho yake asubuhi yeye na mumewe wangekuja wenyewe, wawili tu, na keki.

"Yaani nisije," baba yake alisema.

"Usije ukumbini tu, Baba."

Sindano ilisimama. Kisha ikaendelea, ikatokea upande wa pili wa soli, na mzee akauvuta uzi mpaka ukakaza.

"Sawa, mama."

Basi. Hakulalamika, hakuuliza ni nani hasa aliyesema hivyo, wala hakumtazama. Afadhali angemfokea. Kidonge aliondoka akijiambia kwamba mzee ameelewa, na kwamba mtu yeyote mwenye akili zake angeelewa. Alipofika barabarani alikuwa anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, huku akijisonya kwa kulia bila sababu.

Ile kesi mtaa mzima unaijua, kwa hiyo nikueleze na wewe usibaki nyuma.

Kidonge alipokuwa na miaka saba, baba yake alikuwa mfagiaji wa duka la dawa. Duka lilikuwa la mume na mke. Mume alishika biashara, mke ndiye aliyesomea dawa, na kila mtu alimwita Dokta. Asubuhi moja mama mmoja anayepiga pasi nguo za watu, nyumba chache kutoka hapo, aliacha cheti cha dawa cha mwanawe aliyekuwa na homa. Aliporudi mchana, mfagiaji alimpa bahasha ya vidonge juu ya kaunta. Ndani ya bahasha hamkuwa na dawa ya homa. Vilikuwa vidonge vya moyo, vya mtu mzima, na yule mtoto hakuiona asubuhi.

Mahakamani ilisemwa kwamba Dokta alikuwa benki, na kwamba mfagiaji, kwa kujitia ujuzi asiokuwa nao, aliingia nyuma ya kaunta akahesabu dawa mwenyewe. Mfagiaji akaulizwa kama ni kweli. Akajibu ni kweli. Akala miaka sita.

Mama yake Kidonge alifunga mizigo kwa aibu, akaenda kuolewa mbali na hakugeuka nyuma. Mtoto akabaki kwa shangazi. Hapo ndipo Dokta na mumewe walipojipatia sifa ambayo mpaka leo inasimuliwa: walimchukua binti wa mtu aliyewaharibia jina, wakamsomesha. Ada wao, sare wao, chuo cha dawa wao. Kila muhula ulipofungwa alipelekwa sebuleni kwao na ripoti yake, akaitoa kwa mikono miwili, macho chini, akasema asante. Watu walisema wale wana roho za pekee. Kidonge naye alisema hivyo. Baba yake alipotoka gerezani na ufundi wa viatu aliojifunzia hukohuko, binti alikuwa ameshajifunza kumwonea haya.

Jina la Kidonge alipewa palepale sebuleni, na mtoto wa kiume wa nyumba ile, siku alipomkuta amekalishwa kwenye kochi kubwa, miguu haifiki chini. Yule kijana akakua, akaenda kusoma dawa, akarudi akiitwa Dokta Mdogo, na akamkuta Kidonge ameajiriwa na mama yake, amevaa koti jeupe na hana muda na mtu. Alimtongoza kwa bahasha za dawa. Kila asubuhi Kidonge alikuta moja kwenye mfuko wa koti lake, ndani ina peremende, na juu imeandikwa kwa mwandiko mbaya wa watu wa dawa: *Moja, kutwa mara tatu, baada ya kuniona.* Ukiandikiwa hivyo miezi mitatu mfululizo na usilegee, wewe una matatizo yako.

Mwenye duka alifariki mwaka uliopita. Baada ya msiba Dokta Mdogo akaomba kumuoa Kidonge. Dokta alinuna wiki kadhaa, kisha akakubali kwa sharti lile moja, ambalo Kidonge alilipeleka kibandani Jumatatu.

*

Alhamisi duka lilikuwa na harufu ya rangi. Dokta alitaka ndugu watakaokuja harusini wakute pamependeza, na fundi wa rangi alikuwa ameshusha kila kitu. Kulikuwa na amri moja pale dukani ambayo hata wafanyakazi wapya waliambiwa kabla ya kuonyeshwa choo: rafu ya juu, upande wa kaunta ya kuhesabia, haiguswi na mtu isipokuwa Dokta. Makopo yake yote yalikuwa meupe, ya kiwanda kimoja, vifuniko vya bluu, na Dokta aliyachukua bila kutazama. Mkono wake uliijua njia.

Lakini asubuhi ile Dokta alikuwa ukumbini akigombana na wapambaji, wateja walishaanza kuja, na makopo yamekaa sakafuni. Kidonge akayapanga mwenyewe. Aliyapanga vizuri, kwa kufuata maradhi, na alikuwa anaimba.

Dokta aliingia na simu sikioni. Akavaa koti akiongea, akapokea cheti cha bibi mmoja akiongea, akakisoma akiongea mambo ya maua na vitambaa vya meza. Mkono ukapanda, ukashusha kopo, vidonge vikamwagika kwenye sinia, akavihesabu viwiliviwili kwa kile kijiti chake, haraka, akavifunga. Akamsukumia Kidonge bahasha ampe bibi.

Kidonge alisoma bahasha. Akatazama kopo lililobaki wazi. Akasoma tena.

"Bibi, nisubiri kidogo," alisema. Kisha kwa sauti ya chini, "Mama, hii siyo."

"Siyo nini?"

"Cheti kinasema dawa ya kifua. Hii ni ya sukari."

Dokta alitazama kopo. Akaitazama rafu. Simu ilikuwa bado inaongea peke yake, mtu wa maua anauliza kama meupe au ya waridi. Dokta aliiweka juu ya kaunta bila kuikata, akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo Kidonge hakuwahi kuliona tangu aanze kazi pale.

"Nani amegusa rafu yangu?"

"Mimi, Mama. Fundi wa rangi alikuwa ameyashusha."

"Hivi hivi," Dokta alisema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Ilikuwa hivi hivi. Rafu imepanguliwa, mimi niko kwenye simu. Nilimwambia baba yako vumbi afute, rafu asiniguse. Nilimwambia."

Kidonge alimpa bibi dawa inayostahili, akamtakia afya njema, akamsubiri atoke. Mikono yake ilifanya yote hayo yenyewe. Kisha akafunga kitasa cha mlango.

"Mama. Siku ile si ulikuwa benki?"

Dokta alichukua simu yake pale kaunta, akaitazama, akaikata. Alipoinua uso alikuwa ameshakuwa Dokta tena.

"Umechoka, mwanangu. Harusi inachosha. Nenda nyumbani upumzike."

"Ulikuwa benki au hukuwa benki?"

"Nimekwambia nenda nyumbani."

Na wewe ukiulizwa swali la namna hiyo, kama jibu ni ndiyo, unasema ndiyo.

Kidonge alivua koti mlangoni. Simu yake ikalia mfukoni. Ujumbe wa Dokta Mdogo: *Kidonge changu, niko kwetu nafunga pazia. Kutwa mara tatu haitoshi, njoo uniongezee dozi.*

Alijibu: *Nakuja.*

*

Kwetu maana yake ni vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya pili, ambavyo walivitafuta pamoja na kuvigombania rangi pamoja. Dokta Mdogo alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni, pazia limemfunika bega. Alimwona akaanza kutabasamu. Halafu akaacha.

"Umepatwa na nini?"

"Shuka."

Akashuka. Kidonge alimweleza yote, rafu, simu, kopo, maneno ya Dokta, kama yalivyokuwa. Alimweleza taratibu akimtazama usoni, maana njiani alikuwa amepiga hesabu zake: atashangaa, atakataa, atasema mama anazeeka anachanganya mambo, halafu wataenda wote wawili kumuuliza. Yeye alikuwa tayari kumbembeleza. Alikuwa amemwonea huruma kabla hata hajafika.

Hakushangaa. Alitema misumari kwenye kiganja, mmoja mmoja, akaiweka dirishani.

"Nani mwingine umemwambia?"

Kidonge aliketi juu ya boksi la vyombo ambalo hawakuwa wamelifungua.

"Ulijua."

"Baba aliniambia hospitali. Siku chache kabla hajafa. Alisema haliwezi kumtoka moyoni."

"Kwa hiyo likahamia kwako, nawe ukalifungia."

"Ningekwambiaje, Kidonge? Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia popote." Alikuwa haongei kwa sauti kubwa. "Ulinichumbia kabla ya kujua au baada ya kujua?"

Dokta Mdogo aliipanga misumari dirishani, vichwa vyote upande mmoja.

"Baada."

"Basi niambie kitu kimoja tu, na usinidanganye. Ulikuwa unanipenda, au ulikuwa unanifidia?"

"Nilikupenda kabla. Zile bahasha ni za kabla. Unajua mwenyewe." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Halafu nikajua, nikasema nitakuoa, utakuwa na kila kitu, hutashukuru mtu tena maisha yako yote. Nilidhani ni kitu kimoja. Kupenda na kufidia. Siku hizi sijui kimoja kinaishia wapi."

Ni jibu la kweli, na ukweli wake ndio uliomuumiza. Kama angejitetea kwa uongo, Kidonge angepata pa kushika hasira.

"Jumatatu nilikwenda kumwambia baba yangu asije kwenye harusi yangu," alisema. "Ulijua nakwenda. Ulinipeleka na gari mpaka barabarani. Ukaniambia pole."

Dokta Mdogo alifunika uso kwa mikono.

"Twende kwa yule mama wa pasi," Kidonge alisema. "Sasa hivi, mimi na wewe. Umwambie ulichoambiwa na baba yako. Ukimwambia, Jumamosi utanikuta ukumbini, mbele ya watu wote, na nitakupenda mpaka nizeeke. Mengine tutayamaliza huko mbele."

"Na Mama?"

"Mama atasema yake."

"Mama ana presha, Kidonge. Atafungwa. Ataozea ndani yule."

"Baba yangu aliozea."

"Najua. Najua." Alimshika mikono. "Nipe muda. Jumamosi ipite. Wageni waondoke, nikae na Mama nizungumze naye taratibu. Baada ya harusi, nakuapia."

Kidonge aliitazama ile mikono iliyomshika. Aliipenda hata saa ile. Alikuwa anajua kila alama yake, na alitamani sana kusema sawa. Kusema sawa ndicho alichofundishwa pale sebuleni kwao, muhula baada ya muhula. Alichomoa mikono yake akatoka. Dokta Mdogo alimwita mara moja tu, na hakumfuata kwenye ngazi.

*

Ijumaa asubuhi alimkuta baba yake chumbani bado, anavaa viatu vya kazini. Hakusalimia. Alikaa kitandani akamuuliza siku ile nani alihesabu vile vidonge.

Mzee aliendelea kufunga kamba ya kiatu. Alifunga, akafungua, akafunga tena.

"Kakwambia nani?"

"Yeye mwenyewe, bila kutaka."

Hatimaye baba yake alianza, na alianza mbali, na vumbi. Alisema siku ile alitumwa kufuta vumbi, akayashusha makopo ya rafu ya juu, akayarudisha bila kujua kwamba yana mpangilio. Akasema hilo ni lake na hajawahi kulikataa. Dokta alihesabu dawa huku anaongea na simu, akaacha bahasha kaunta, akaenda ndani kunywa chai. Yule mama aliporudi, yeye mfagiaji ndiye aliyemkabidhi, na akamwambia mtoto apone.

"Usiku wa msiba wa yule mtoto, mwenye duka alikuja hapa. Akakaa hapo ulipokaa. Akaniambia mkono ulioonekana ni wangu. Akaniambia hata nikikataa, hakimu atamwamini nani, mimi na ufagio wangu au Dokta na vyeti vyake ukutani? Nikaona hilo kweli. Halafu akasema nikikubali, wewe utasoma mpaka uchoke mwenyewe."

"Ungeniambia, Baba. Ulipotoka ungeniambia."

"Ungewashukuruje?" Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wale walitaka washukuriwe, mama. Ungejua, uso wako ungekusaliti, wakakuacha katikati ya njia, na mimi miaka yangu imeshaenda. Ilibidi uamini."

Kidonge alilia mpaka akakosa pumzi. Alimwomba radhi kwa Jumatatu. Alimwomba tena na tena, maneno yaleyale, na mzee alikuwa anampigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

"Kule ndani sikulia hata siku moja," baba yake alisema. "Jumatatu nililia. Nikwambie tu, maana umeuliza mambo ya kweli."

Alipotulia, Kidonge akasema wanakwenda kwa mama wa pasi. Mzee akakataa. Alisema yameshapita, ameshazoea, na ukweli huo utamwondolea binti yake kazi na mume kwa mpigo mmoja. Kidonge akamwambia kazi ameiacha jana. Kuhusu mume hakusema kitu, na mzee hakuuliza.

*

Mama Pasi alifanyia kazi barazani kwake, meza mbili zimeunganishwa, mashati ya watu yametundikwa nyuma yake kwa mpangilio. Miaka yote hii, fundi viatu alipolazimika kupita mtaa ule, yeye alikuwa anageuka kumpa mgongo mpaka amalize kupita. Leo alimwona anakuja moja kwa moja, akaweka pasi chini na hakugeuka, labda kwa mshangao tu.

Kidonge ndiye aliyesema. Alisema bila kuongeza chumvi na bila kumtetea mtu. Mama Pasi alisikiliza mikono ikiwa juu ya shati la mtu. Alipomaliza kusikiliza hakumtazama Kidonge. Alimtazama baba yake.

"Kwa hiyo hukuwa wewe."

"Niliyekupa bahasha ni mimi. Aliyehesabu si mimi."

"Nimekuapiza kila siku, fundi. Nikiamka, kabla sijanawa uso. Nimemaliza maneno yote mabaya ninayoyajua kwa mtu ambaye siye." Sauti yake ilianza kupotea. "Kwa nini hukuniambia? Umepita hapa mara ngapi? Ungesimama hapo ukaniambia."

"Nilikuwa na wa kwangu wa kusomesha," mzee alisema.

"Na mimi nilikuwa na wa kwangu wa kuzika. Sikustahili kujua nani kamuua?"

Hapo ndipo lilipomwingia Kidonge: ile elimu yake, lile koti jeupe, havikulipwa na Dokta peke yake wala na baba yake peke yake. Huyu mama naye alichangia, bila kuulizwa, na hakuna aliyempelekea ripoti kusema asante.

Mama Pasi alichomoa waya wa pasi ukutani.

"Twendeni dukani," alisema.

*

Duka lilikuwa na wateja watatu. Dokta alikuwa kaunta, Dokta Mdogo pembeni yake anaandika bahasha, macho mekundu. Alipomwona Kidonge alisimama kalamu mkononi. Mama Pasi alipanga foleni. Kweli kabisa, alisimama nyuma ya wateja akasubiri zamu yake kama mtu aliyekuja kununua dawa ya kikohozi, na Kidonge na baba yake wakasimama nyuma yake. Zamu ilipofika Dokta alishawaona wote watatu.

"Nimekuja kuuliza," Mama Pasi alisema. "Dawa ya mwanangu ulihesabu wewe?"

"Mama, pole sana," Dokta alisema kwa upole uleule aliosifiwa nao mtaa mzima. "Huyu binti amechanganyikiwa na mambo ya harusi. Kesi ilikwisha. Huyo mzee hapo alikiri mwenyewe mbele ya hakimu. Au nimekosea, mzee?"

"Hujakosea," baba yake Kidonge alisema. "Nilikiri."

"Basi."

Wateja waliokwishapata dawa zao hawakuondoka. Mama Pasi akamgeukia Dokta Mdogo.

"Wewe ulikuwa unacheza na mwanangu hapo kwenye zile ngazi za nje. Alikuwa anakuita kaka. Mama yako siku ile alikuwa benki?"

Dokta Mdogo alimtazama mama yake. Kisha akamtazama Kidonge, na Kidonge hakumsaidia kwa ishara yoyote. Kama angemsaidia, lisingekuwa neno lake.

"Hakuwa benki," alisema. "Alikuwepo hapa. Baba aliniambia mwenyewe."

Dokta alishika ukingo wa kaunta.

"Mwanangu," alisema. Halafu, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Nilikuwa kwenye simu."

"Ulikuwa unaongea na nani?" Mama Pasi aliuliza.

Dokta alifikiri. Unamwona kabisa anafikiri, anatafuta.

"Sikumbuki."

"Hukumbuki," Mama Pasi alirudia. Aliliangalia lile neno kwanza, kama mtu aliyepewa chenji isiyotosha. Kisha akakaa chini palepale sakafuni, na baba yake Kidonge akapiga magoti karibu naye, bila kumgusa.

Dokta Mdogo ndiye aliyemvua mama yake koti. Alimchukulia mkoba, akamwambia wataenda kituo cha polisi wote wawili, na Dokta akakubali kama mgonjwa. Kabla ya kumwingiza garini alimrudia Kidonge mlangoni.

"Nimesema," alisema.

"Nimekusikia."

"Kesho bado ipo, Kidonge."

"Kesho ipo." Alitaka kumshika uso, akajizuia. "Nakupenda, na wala usifikiri nimeacha, ningeacha ningekuwa nimelala usiku. Lakini jana tulikuwa wawili tu, mimi na wewe, nikakuomba, ukaniambia harusi ipite kwanza. Leo umesema kwa sababu umeulizwa mbele ya watu. Ukinioa nitakaa maisha yangu yote nasubiri siku nyingine ya kukuuliza mbele ya watu."

"Ungenipa siku moja tu zaidi."

"Baba yangu alikupeni miaka sita."

Dokta Mdogo alirudi garini. Kidonge aliwaona wakiondoka, mama na mwana, vichwa vimenyooka, hawaongei.

*

Jumamosi alikuwa chumbani kwa baba yake, amejilaza ameelekea ukutani. Shangazi alipiga simu mara mbili, mzee akampokelea na kumwambia amelala. Hakuwa amelala. Mchana, saa ambayo angekuwa anaingia ukumbini, ujumbe ukaingia.

*Mama yuko ndani. Nimekuja ukumbini kuwazuia watu mlangoni. Wameshaondoka wote. Viti vyote vimepangwa, sijui niwaambie nini wenye viti.*

Aliusoma mara nyingi. Aliandika *nakupenda*, akafuta. Aliandika *nakuja*, akakaa anaitazama hiyo *nakuja* mpaka simu ikazima kioo. Akaiwasha. Akafuta hiyo nayo.

Aliandika: *Waambie waviondoe.*

Akatuma, akajifunika shuka usoni. Baba yake alikuwa anachemsha chai, na alipomsikia analia akaizima, akaja kukaa kitandani miguuni kwake, wala hakumuuliza ni nani aliyeandika.